Kabla ya kuandika tinia, shika pamba

Jumatatu nimepitia mafaili ya kliniki. Manne, miandiko minne tofauti, maneno yaleyale: "mabaka meupe, tinia, klotrimazo 2/52", yaani fangasi wa ngozi, krimu ya fangasi wiki mbili. Ukubwa hakuna. Kingo hakuna. Hisia ndiyo kabisa. Wadogo zangu madaktari tarajali, nawapenda, lakini mtanitoa mvi.

1. Amua kwanza: rangi imefifia au imekwisha? Vitiligo, yaani mbalanga, ni nyeupe kama chaki, kingo zake zinaonekana wazi, na mara nyingi hukaa pande zote mbili za mwili. Tinia, pitiriasisi alba (ya watoto, ona namba 4) na ukoma hufifisha tu. Ukiwa na shaka, zima taa za chumba uwashe taa ya Wood, ile ya mwanga wa urujuanimno: vitiligo itang'aa kwa weupe wa kibuluu. Ila mgonjwa afutwe mafuta kwanza. Kuna mmoja wenu (tulia, sikutaji) alikuja mbio kuniita nikaone vitiligo ya mguu mzima. Tuliipangusa, ikaondoka.

2. Kwaruza baka, peleka maabara kipimo cha KOH, watafute fangasi. Na weupe wa tinia hubaki miezi kadhaa baada ya fangasi kufa, kwa hiyo usirudie dawa kwa ajili ya rangi peke yake.

3. Hisia. Hapa nivumilieni.

Mwaka wangu wa kwanza alikuja kijana fundi cherehani, ana baka moja juu kidogo ya kiwiko. Limefifia, kavu, halina vinyweleo. Hilo la vinyweleo nililiona kwa macho yangu, nikalipita, maana foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nikaandika tinia. Baada ya mwezi akarudi: "Daktari, bado." Nikambadilishia krimu. Aliporudi mara ya tatu nikampa ile ya mchanganyiko yenye steroidi, na juu yake nikamgombeza: "Wewe unapaka kweli?" Akaniomba msamaha. Yeye, aniombe mimi msamaha!

Kisha akapotea. Karibu mwaka ukapita ndipo nikamwona tena, na safari hii hakuleta baka, alileta kidonda. Aliungua na pasi upande wa kidole cha mwisho, akajua baada ya kunusa harufu. Kidole chenyewe kilishaanza kujikunja. Muuguzi wa zamu, mama wa makamo, hakuniambia neno. Alisokota pamba ncha, akamwambia kijana afumbe macho aonyeshe kila anapoguswa. Kwenye ngozi nzima: "Hapa. Hapa." Kwenye baka: kimya. Akagusa tena, kimya. Halafu akanishika mkono mimi, daktari, akaviweka vidole vyangu nyuma ya kiwiko cha mgonjwa. Neva ya alna, iendayo kidole cha mwisho, ilikuwa nene kama kamba ya kiatu.

Ulikuwa ukoma. Alipata MDT, dawa mseto za ukoma, miezi 6, na baka likatulia. Prednisoloni, steroidi ya kutuliza uvimbe wa neva, nayo alipewa, lakini neva iliyokwisha kupoteza kazi kwa zaidi ya miezi 6 mara chache hurudi, na miezi hiyo niliimaliza mimi kwa tyubu za krimu. Kidole hakikunyooka. Aliendelea kushona, mkasi akiwa ameuhamishia mkono wa pili.

Na uso usiwadanganye: una neva nyingi, hisia zaweza kuwepo na ukoma upo. Papasa shingo, chini ya sikio, utafute neva iliyonenepa.

4. Mtoto mwenye mashavu yaliyofifia, kingo hazieleweki, nyumbani kwao kuna pumu ya ngozi: pitiriasisi alba. Mafuta ya kulainisha na subira, basi. Mabaka ya tangu uchanga, matatu au zaidi, uliza degedege.

5. Krimu ya mchanganyiko si jibu la "sijui". Ukiwa hujui andika hujui, niite. Nitanung'unika, lakini nitakuja.

6. Pamba ipo droo ya pili, chini ya glavu. Niliweka bunda jipya mwanzo wa mwezi. Jana nimelitazama, hata karatasi yake haijachanwa.