Jibu: Mama lishe wa kando ya stendi ya Nyegezi waanzie wapi?

Habari za leo, ndugu. Umeeleza kuwa kikundi chenu cha mama lishe kando ya stendi ya Nyegezi, jijini Mwanza, kinataka banda la kudumu lenye maji na choo, lakini barua zenu kwa halmashauri hazijajibiwa.

Kabla ya barua nyingine, nendeni kwa afisa mipango miji mkaone ramani ya eneo hilo, kwa maana kama banda linaangukia ndani ya hifadhi ya barabara, au ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa zinazolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, hamtapata kibali hata mkiandika vipi. Sisi wa Buzuruga, hapa hapa Mwanza, tulisikilizwa pale tu ombi lilipopitia mkutano wa mtaa, likaingia kwenye muhtasari, kisha diwani akalifikisha katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo yeye ndiye mwenyekiti wake. Muhtasari huo, kwa kweli, una uzito kuliko barua zote.

Mtaji ombeni kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi, ambamo 4 ni za wanawake. Bodaboda nao washirikisheni tangu mkutano wa kwanza, kwa kuwa choo na maji wanavihitaji kama ninyi.