Maswali ya Wasomaji: Kigoma Mwaka Mzima

Likizo yangu ni Aprili. Kila mtu ananiambia Kigoma masika haifai, nisubiri kiangazi. Ni kweli? (Msomaji, Dodoma)

Kama lengo ni sokwe wa Gombe, nenda. Mvua za Kigoma huanza kati ya Oktoba na Novemba na kukatika Mei. Kuanzia Februari hadi Juni sokwe wa Gombe hawazunguki mbali sana, hivyo huwa rahisi kuwapata. Taabu ni njia. Hifadhi imekaa kwenye ukuta wa Bonde la Ufa, kutoka ufukweni hadi zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na udongo ukilowa unateleza vibaya. Vaa viatu vyenye meno. Raba za soli laini ziache hotelini. Anayetaka picha nzuri asubiri Julai hadi Oktoba, mwanga unapopenya msituni.

Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe kusini mwa Kigoma, mambo ni kinyume: huko nenda Agosti hadi Oktoba, sokwe wanaposhuka karibu na ziwa.

Watu huuliza mvua wakasahau upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusi huchafua Ziwa Tanganyika, hasa jua likishapanda. Ukikodi boti kiangazi, ondoka alfajiri. Masika ziwa linaweza kulala siku nzima, kisha dhoruba ikaja ghafla. Wingu jeusi likitanda, hakuna aibu kuahirisha.

Tunafikaje Gombe bila kukodi boti ya bei kubwa? Tuna mtoto wa miaka 12. (Baba na Mama, Tabora)

Barabara ya kuingia hifadhini hakuna. Gombe iko kilomita 16 hivi kaskazini mwa mji, na boti za abiria hutokea mwalo wa Kibirizi, mchana, isipokuwa Jumapili. Safari huchukua kama saa tatu kwa sababu boti husimama vijijini. Zile za kurudi hupita mapema asubuhi. Kwa hiyo kwenda na kurudi siku moja kwa boti ya abiria haiwezekani: wekeni nafasi ya kulala Kasekela, kituo kilicho ndani ya hifadhi, kabla hamjatoka mjini, na ada lipieni kwa kontrol namba au kadi, maana langoni hawapokei fedha taslimu. Watanzania wabebe vitambulisho, la sivyo watatozwa kama wageni.

Kabla ya kupanda, ombeni jaketi okozi mlivae palepale, mjaribu kamba zake. Lililofungwa chini ya magunia halimwokoi mtu. Boti ikiwa imezama hadi karibu na ukingo kwa mzigo, subirini nyingine.

Mtoto, kwa bahati mbaya, hataruhusiwa: Gombe kufuatilia sokwe ni kuanzia miaka 15. Mahale wanakubali 12. Mwenye mafua au kikohozi naye hurudishwa, kwa kuwa magonjwa yetu ya njia ya hewa huwaua sokwe. Chakula kifungieni ndani; nyani wa Kasekela ni wezi waliokubuhu.

Naweza kuogelea? (Msomaji, Morogoro)

Ndiyo, ila chagua mahali. Kichocho kipo ziwani, na konokono wanaokibeba hupenda matete, maji yaliyotulia na midomo ya vijito. Kwa hiyo epuka fukwe za vijijini. Penye mawe na mawimbi, kama ufukwe wa Jakobsen ukipita kijiji cha Katonga, hatari hupungua bila kwisha. Mamba waulizie wavuvi wa hapohapo, na jioni usiingie. Kapime kichocho wiki sita hadi nane baada ya kuogelea; ukipima mapema mno, majibu yanaweza kukudanganya.

Nikiwa huko niruke Burundi au Kongo kidogo? (Msomaji, Mwanza)

Burundi inawezekana kupitia mpaka wa Manyovu. Beba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano; chanjo lazima iwe imepita siku 10. Kongo si safari ya "kidogo": meli na boti za Kalemie, bandari ya ng'ambo ya ziwa, hungoja mzigo, na mji wa Uvira umekuwa na mapigano. Nchi zote mbili zina konseli (ubalozi mdogo) Kigoma mjini, anzia huko. Bandarini na mpakani usipige picha.

Dagaa wazuri nitawajuaje? (Mama Lishe, Dar es Salaam)

Angalia mwezi kwanza. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikikolea wavuvi hupumzika na bei hupanda. Nenda siku za giza, mwezi usipoonekana. Pia mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, basi ukisafiri miezi hiyo piga simu mwaloni kabla ya kukata tiketi.

Chukua waliokaushwa kwenye chanja, wa mchangani watakusaga meno. Mvunje mmoja: akatike kwa mlio, ngozi iwe ya fedha. Akipinda hajakauka, na masika hao ndio wengi; wataota ukungu kabla hujafika Dar. Rangi ya njano tumboni ni mafuta yaliyochacha. Funga kwenye gunia linalopitisha hewa. Mawese nayo yasafirishe dumu likiwa wima, mbali na nguo.