Mambo ya Kumwambia Wakili wa Uhamiaji Kabla Hajashika Kalamu

Wakili aliweka kidole juu ya tarehe mbili za kuzaliwa, akanyamaza. Watoto wawili, baba mmoja, mama mmoja, na wamepishana miezi minne. Ilikuwa fomu yangu ya zamani ya kuombea grini kadi, yaani kibali cha kuishi Marekani, na sahihi iliyokuwa chini yake ni yangu mwenyewe.

Nilipofika Columbus, Ohio, sikuanzia kwa wakili. Nilielekezwa kwa mtu aliyekuwa anajazia watu fomu za kodi, anayesifika kwamba anajua njia. Aliniuliza nina watoto wangapi, nikamwambia watatu. Mmoja nimemzaa; wawili ni wa marehemu kaka yangu, nimewalea tangu wadogo na pale Morogoro hakuna anayewaita kwa jina lingine ila watoto wangu. Hakuniuliza zaidi. Akaandika watatu, wote akawapa mama mmoja, akanionyesha pa kusaini. Na mimi sikusoma. Kurasa zilikuwa nyingi, nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nikasaini.

Ninyi mliofika juzi, nawaomba mlishike hili kuliko mengine yote. Kwetu mtoto wa kaka ni mwanao, na hujasema uongo ukimwita hivyo. Lakini sheria ya uhamiaji ya Marekani ina maana yake ya neno mtoto: uliyemzaa, wa kambo ikiwa mlioana kabla hajatimiza miaka 18, au uliyemuasili kisheria kabla hajatimiza miaka 16 na mkaishi pamoja miaka miwili chini ya ulezi wako. Mtoto wa ndugu yako hayumo, hata kama ndiwe uliyemnunulia sare ya darasa la kwanza. Basi kwa wakili taja kila mtu kwa jinsi alivyokuja: huyu nimemzaa, huyu ni wa kaka, huyu tulimchukua vita ilipoanza. Na ndugu hivyo hivyo. Sema kama ni wa tumbo moja, wa baba mmoja, au ni binamu. Ndoa nazo usizipunguze. Ile ya kimila iliyoishia kwa mke kurudi kwao, ile ya msikitini ambayo talaka yake haikuandikwa popote, zote zimwage mezani. Ndoa ya kwanza ikiwa haijavunjwa kisheria, ya pili huenda isihesabike kabisa, na grini kadi iliyojengwa juu yake inayumba.

Wengi tunaficha kwa sababu ya aibu au kwa kuogopa kushtakiwa. Wakili anafungwa na sheria kutunza siri za mteja wake, kwa hiyo yaliyopita mweleze. Asichoweza kufanya ni kupeleka serikalini uongo anaoujua, na akikataa kufanya hivyo anakulinda wewe. Wangu alinipa wiki tatu. Nikaagiza RITA, wakala wa Tanzania wa kusajili vizazi na vifo, vyeti vya kuzaliwa vya wale watoto wawili na cheti cha kifo cha kaka, nikaandika maelezo ya kiapo jinsi kosa lilivyotokea, tukayaambatanisha na fomu I-751, ile ya kuondoa masharti kwenye kadi ya miaka miwili ya walioingia kwa ndoa. Tulisahihisha wenyewe kabla ofisa hajauliza. Wakili alinieleza bila kunificha kwamba kama ningesubiri hadi nibanwe kwenye mahojiano, hali ingekuwa nyingine.

Sasa nani ni wakili? Kisheria, anayeruhusiwa kukushauri juu ya kesi yako ni mwanasheria mwenye leseni, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, ambao wengi wao wako kwenye mashirika yanayosaidia wakimbizi na bei zao ni nafuu. Sheria ya uhamiaji ni ya taifa zima, hivyo leseni ya jimbo lolote inatosha; tafuta jina lake kwenye orodha ya mawakili ya jimbo hilo, ni bure. Halafu muulize kama atasaini fomu G-28. Hiyo ndiyo inayowaambia Uhamiaji kwamba anakuwakilisha. Mtu anayechukua hela zako lakini hataki jina lake lionekane kwenye karatasi, ondoka ofisini kwake. Pia dai mkataba wa maandishi unaotenganisha ada yake na ada ya serikali, na unaosema nani atakwenda nawe siku ya mahojiano. Niliwahi kumsindikiza mama mmoja aliyedhani wakili atakuja, kumbe hakuwa amelipiwa siku hiyo. Alitetemeka mikono pale kwenye viti vya kusubiri hadi nikamshikia bahasha yake.

Usisaini usichoelewa. Ukihitaji kusomewa kwa Kiswahili, sema. Fomu zenyewe zina sehemu ya mkalimani kusaini. Na kila kinachotoka ofisini kwa wakili kibaki na nakala yako nyumbani, kuanzia fomu nzima hadi stakabadhi za kupokelewa. Mawakili wanahama, wanastaafu, wanafariki. Wewe ukihama nyumba, una siku 10 za kuwaarifu Uhamiaji, na kumwambia wakili peke yake hakutoshi. Barua ya kudai ushahidi zaidi inaweza kukupa siku 84 au pungufu. Ikienda kwenye anwani ya zamani, siku zinahesabika hivyo hivyo.

Kuhusu majina na tarehe: sisi wenye majina matatu hujikuta pasipoti ina matatu, cheti cha shule mawili, na la babu limegeuzwa kuwa la ukoo. Ndugu waliopitia kambi kama Nyarugusu na Kakuma wengi waliandikiwa 1 Januari kama siku ya kuzaliwa. Usirekebishe kimyakimya kwenye fomu mpya. Mwambie wakili ipi ni ya kweli na ipi imeandikwa, yeye atajua pa kueleza.

Uraia ni hatua nyingine. Kwa kawaida ni miaka 5 ya grini kadi, au 3 ukiwa unaishi na mwenzi wako ambaye ni raia muda wote huo, na unaruhusiwa kuomba siku 90 kabla miaka hiyo haijatimia. Wakimbizi mna nafuu: grini kadi mnaomba baada ya mwaka mmoja, lakini miaka inahesabiwa tangu siku mliyoingia. Wazee wenye miaka 50 na zaidi waliokaa na kadi miaka 20, au 55 na kadi miaka 15, hawapimwi Kiingereza. Maswali ya historia na serikali wanajibu kwa Kiswahili kupitia mkalimani. Nimekutana na bibi aliyekaa miaka bila kuomba kwa kuogopa Kiingereza, na hakuna aliyewahi kumwambia hili.

Kama huna doa lolote, N-400, fomu ya kuombea uraia, unaweza kuijaza kwa msaada wa kliniki za bure za kisheria. Lakini kama uliwahi kukamatwa, hata ukalala kituoni usiku mmoja na kesi ikafutwa, anza kwa wakili. Ombi la uraia linafungua faili lako lote upya, na wapo walioingia wakiomba uraia wakatoka na wito wa mahakama ya uhamiaji. Muone pia kabla ya safari ndefu. Tunakwenda kuuguza mzazi, anafariki, tunakaa hadi arobaini, miezi sita inapita; hapo utatakiwa kuthibitisha kwamba hukuhama, na ukifikisha mwaka hesabu inakatika. Na karani wa leseni za udereva akikuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura, jibu hapana, hata kama foleni ni ndefu na humsikii vizuri. Asiye raia akidai ni raia, kosa hilo halina msamaha mwepesi.

Watanzania, jueni kwamba ukiapa Marekani ukiwa mtu mzima unapoteza uraia wa Tanzania. Wakenya wao katiba ya 2010 inawaruhusu uraia wa nchi mbili. Ongeeni na wazee nyumbani mapema, hasa penye shamba au kiwanja.

Siku ya kiapo utaombwa uirudishe grini kadi, kwa hiyo ipige nakala asubuhi kabla hujatoka. Cheti cha uraia kikague hapo hapo mezani, herufi kwa herufi, kabla hujapiga picha na bendera. Na ukiwa na mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye grini kadi, anayeishi nawe chini ya ulezi wako, naye anakuwa raia bila kuapa. Mwombee pasipoti mapema, wakati karatasi zote bado ziko kwenye bahasha moja.