Ndege haijui kuwa ni zamu yako

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni bodaboda hapa Morogoro, nacheza Aviator, ile kamari ya simu ambapo ndege inapaa huku namba ya kuzidisha dau ikipanda, na usipotoa hela kabla haijatokomea umeliwa. Naanza na dau la shilingi 500, nakashauti (natoa hela) kwenye 2.00, yaani dau likiwa mara mbili. Nikipigwa nadabo: 1,000, 2,000, 4,000, hivyo hivyo mpaka ndege ikubali, halafu narudi 500. Wiki mbili nilikula vizuri. Jumamosi nikapigwa mara saba mfululizo, 63,500 ikaondoka, na sehemu yake ni ya kikoba ambacho mimi ndiye mweka hazina. Ningekuwa na mtaji wa kuweka mara ya nane, si ingerudi yote? Halafu kuna jamaa Telegram anauza programu ya kutabiri ndege kwa 30,000. Au nipunguze tamaa, niwe natoka kwenye 1.20?

JIBU: Marahaba. Ya kikoba kwanza. Waambie wenzako kabla ya siku ya kufungua sanduku, urudishe kwa hela ya pikipiki, na ufunguo umpe mtu mwingine. Hapo sina hesabu ya kukupigia.

Sasa hiyo mara ya nane. Nafundisha takwimu, na poka nimeicheza miaka mingi, kwa hiyo swali hili linanifuata mpaka misibani. Juzi kaniuliza jirani yangu ambaye ni mhasibu. Mhasibu! Wote mnaamini kitu kimoja: kwamba ndege ikishakukatalia mara saba, inakuwa na deni na wewe.

Mara ya nane haijui kuwa ni ya nane. Spribe, walioutengeneza mchezo huo, wametangaza kwamba unarudisha asilimia 97 ya madau. Gawanya 97 kwa 2: uwezekano wa ndege kufika 2.00 ni asilimia 48.5. Ulikuwa huohuo ulipoanza na 500, ukawa huohuo ulipobakiwa na jasho tu. Na dau lako la nane lingekuwa 64,000. Yaani jumla uweke mezani 127,500 ili, ndege ikikubali, faida iwe shilingi 500. Abiria akikuambia umpeleke Dodoma kwa 500 utamcheka.

"Lakini wiki mbili nilikula." Ndiyo, mtindo huo ndivyo unavyofanya kazi, na hapo ndipo unapowanasa watu wenye akili. Uite msururu kila safari ya kuanzia 500 mpaka ushinde au upigwe mara saba. Kupigwa mara saba mfululizo kunatokea takriban mara moja katika kila misururu 104. Misururu 103 inakupa 500 kila mmoja, jumla 51,500. Mmoja uliobaki unachukua 63,500. Umepungukiwa 12,000, na misururu yote hiyo ni kama raundi 210 tu, ambazo kwa mchezaji wa simu ni jioni chache. Ongeza mtaji, na siku mbaya itachelewa kufika, ila ikifika itaondoka na kikoba kizima. Kupangilia dau hakujawahi kugeuza mchezo wa hasara kuwa wa faida. Kunapanga tu hasara ije lini na kwa ukubwa gani.

Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, gurudumu la ruleti liliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walizidi kumimina hela kwenye nyekundu wakiamini zamu yake imefika. Walikuwa matajiri wa Ulaya, wamevaa suti, na kosa lao ndilo lako la Jumamosi.

Utaniambia karatani watu wanashinda kwa hesabu. Ni kweli, kwa sababu karata zina kumbukumbu: karata iliyokwisha kugawiwa haimo tena kwenye pakiti. Edward Thorp, profesa wa hisabati Mmarekani, alitumia jambo hilo kwenye blakijaki miaka ya 1960. Poka nayo unacheza dhidi ya binadamu wanaokosea, na mwenye meza anakata fungu lake. Na hata huko, anayedabo kwa hasira baada ya kupigwa ndiye tunayemvutia kiti kwa heshima zote. Ndege haina pakiti inayopungua wala uso wa kusomwa.

Huyo jamaa wa Telegram ndiye hasa anayenikera. Matokeo ya kila raundi yanatengenezwa kwa kuchanganya msimbo wa seva na misimbo ya wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau kwenye raundi hiyo. Kabla hao watatu hawajaweka, matokeo hayapo popote. Programu yake inatabiri nini? Kama angekuwa nayo kweli, angeihitaji 30,000 yako ya nini?

Biashara ya wauza utabiri, hata wa mpira, ni hii. Chukua watu 640. Nusu waambie timu fulani inashinda, nusu waambie haishindi. Wale uliowadanganya watupe, waliobaki 320 wagawe tena. Baada ya mechi sita unabaki na watu 10 walioona kwa macho yao ukipatia sita kwa sita, na hao watauza hata simu wakulipe. Wengine hawauzi kitu kabisa. Wanakupa "mkeka wa uhakika" (dau moja la mechi nyingi, ambazo zote lazima zitiki) bure, mradi ujisajili kwa kiungo chao, kwa kuwa kuna kampuni zinazowalipa asilimia ya hela unayoliwa. Mshauri wako anakula pale unapopigwa. Usishangae mikeka yao ina timu kumi na tano: kampuni ikijiwekea asilimia 6 kwenye kila mechi, kwa mkeka wa mechi kumi tu thamani ya shilingi 1,000 yako imeshashuka hadi kama 540 kabla mpira haujaanza. Bonasi za mikeka mirefu hazitolewi kwa huruma. Anayekutumia picha ya salio lake la mamilioni, mwombe akuonyeshe miamala ya mwaka mzima, na ya kuweka pia. Atakublock.

Na ile 1.20: ndege inafika hapo kama mara 81 kati ya 100. Kwa dau la 500 unapata 100 kila inapokubali, jumla 8,100. Mara 19 zilizobaki zinakula 500 kila moja, jumla 9,500.