Ustadh, nikikubali mtoto atolewe damu ya risachi nimeuza damu yake?

SWALI: Assalaam alaykum ustadh. Niko upande wa Kombewa. Watu wa risachi ya malaria wanataka mtoto wangu wa miezi 8 aingie, watakuwa wanamtoa damu na mimi napewa nauli. Mama mkwe anasema nauza damu ya mjukuu wake. Baba watoto yuko Nakuru, sijamwambia. Pia wanataka kaka yake wa miaka 9, na yeye analia hataki sindano.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Damu kweli haiuzwi, Mtume (s.a.w.) alikataza thamani ya damu, iko kwa Bukhari, kwa hivyo mama mkwe usimcheke. Lakini nauli sio bei, umepanda boda umeacha kibanda chako sokoni wamekurudishia. Jiulize tu, wakiondoa hiyo pesa bado ungeenda? Kama hungeenda basi mama mkwe ameona kitu.

Sasa penye uzito. Mtoto ni amana, ukitaka kujitolea jitolee damu yako, ya kwake huna ruhusa ila kwa maslahi yake au kwa jambo lisilomdhuru. Kwa hivyo uliza, ni kijiko cha chai ama ni chupa? Kama kuna dawa, ishajaribiwa usalama wake kwa watu wazima? Akiugua nani anamtibu? Kule Kano, Nigeria, 1996 watoto wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo walipewa dawa ya majaribio na wazazi wakalalamika hawakuelezwa, ikaishia kortini. Lakini pia hii chanjo ya malaria tunayopeleka watoto kliniki ilijaribiwa hapo hapo kwenu Kombewa, na Siaya na Kilifi, watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika, ndio WHO wakaipitisha 2021. Huwezi kujua kama inakinga watoto kwa kuipima kwa sisi wazee peke yetu, manake miili yetu ishazoea malaria.

Huyo wa miaka 9 mwache. Angekuwa anaumwa ningekwambia mshike achomwe, ila hii sio tiba yake, na ashafika umri wa kupambanua, hata watafiti wenyewe wanatakiwa kumuuliza.

Na baba yao mpigie leo, yeye ndiye walii, msimamizi wao kwa dini, usiweke kidole gumba kwa fomu kisiri halafu ajue kwa majirani. Omba fomu ya Kidholuo uje nayo Ijumaa baada ya swala tuisome, na ujue hata ukishasaini unaweza kumtoa mtoto siku yoyote na matibabu yake ya kawaida hayakatwi.