Ukichomeka skrini ya nje na laptopu ikanyamaza

Ukichomeka kebo ya HDMI, picha ikatokea safi kwenye skrini kubwa, halafu video ikacheza bila sauti, usikimbilie kudhani spika za laptopu zimekufa. Mara nyingi sauti ipo na inatoka vizuri, ila imeelekezwa kwenye ile skrini. Natumia skrini ya nje kazini kila siku, na watu wanaoniletea laptopu zenye shida hii huwa wameshahangaika vya kutosha. Wengine wamefuta draiva za sauti (programu zinazoiwezesha kompyuta kutumia kifaa) na kuziweka upya, wengine wako mbioni kufuta kila kitu na kuanza upya. Inaniuma kuona mtu akikaribia kupoteza mafaili yake kwa jambo ambalo lingeisha kwa kubofya mara mbili tatu.

Kinachotokea ni hiki. HDMI ilipotoka mwaka 2002 ilikuja kubeba picha na sauti kwenye waya mmoja. DisplayPort, aina nyingine ya kebo ya skrini, nayo hubeba vyote viwili, na hata tundu la USB-C linalotoa picha kwa kawaida linapitisha DisplayPort hiyohiyo. VGA ya zamani ilikuwa ya picha tu, ndiyo maana waliozoea projekta za enzi zile walichomeka na kuchomoa bila sauti kuhama.

Kebo ikishaingia, skrini hujitambulisha kwa kompyuta kwa taarifa fupi iitwayo EDID, inayoeleza ukubwa wa picha inaoumudu na kama inapokea sauti. Kompyuta ikisoma kwamba sauti inapokelewa, inaongeza njia mpya ya kutolea sauti yenye jina la skrini hiyo, na mara nyingi inaifanya kuwa chaguo-msingi papo hapo. Hapo ndipo tabu inapoanza, kwa sababu skrini nyingi husema zinapokea sauti ilhali hazina spika hata moja. Zina tundu la hedifoni tu, tena nyuma, mahali ambapo wengi hawajawahi kupaangalia. Sauti inafika kwenye skrini na kukosa pa kutokea.

Kwenye Windows kuna kipimo ninachokipenda kwa sababu kinamaliza ubishi. Acha video iendelee kucheza, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, kisha Enter. Litafunguka dirisha dogo lenye orodha ya vifaa vya kutolea sauti, na pembeni ya kila kimoja kuna vistari vilivyosimama kama ngazi. Vistari vya kijani vikirukaruka pembeni ya jina la skrini huku vya spika za laptopu vimetulia, jibu umelipata. Hakuna kilichoharibika. Vikitulia kote, hapo ndipo pa kuanza kuishuku programu yenyewe au draiva.

Kurudisha sauti ni kazi ndogo. Bofya alama ya spika karibu na saa, bofya mshale ulio kando ya kitelezi cha sauti, chagua spika za laptopu. Kwenye Windows 11 za karibuni, Windows na Ctrl na V kwa pamoja hukufikisha kwenye orodha hiyo moja kwa moja. Wa Mac waende kwenye mipangilio ya mfumo, sehemu ya sauti, wachague pa kutolea. Mac ina dalili yake: mara nyingi sauti ikihamia kwenye skrini, vitufe vya kuongeza na kupunguza sauti kwenye kibodi huacha kufanya kazi, kwa sababu kiwango huachiwa vitufe vya skrini yenyewe.

Usitake kurudia hayo kila asubuhi. Kama skrini yako haina spika na hutumii tundu lake la hedifoni, rudi kwenye lile dirisha la mmsys.cpl, bofya jina la skrini kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ukizime hicho kifaa cha sauti (Disable). Nasisitiza kukizima. Kufuta draiva ni njia mbovu, maana mfumo unaweza kuirudisha wenyewe, na ukifuta isiyo yenyewe utabaki bila sauti kweli. Siku ukisasisha draiva ya picha, au ukichomeka kwenye tundu jingine, huenda skrini ikaonekana tena kama kifaa kipya. Kizime tena, basi.

Lakini kama umechomeka spika nzuri kwenye lile tundu la nyuma, usizime chochote. Huo ni mpangilio mzuri sana: waya mmoja kwenye laptopu, picha na sauti vimefika.

Kwa wa Linux, funguo iko kwenye pavucontrol, programu ya kupanga sauti, kichupo cha mwisho. Kwenye laptopu nyingi HDMI na spika za ndani ni wasifu (profile, yaani mpangilio) tofauti wa kadi moja ya sauti, hivyo usipoziona spika kwenye orodha ya pa kutolea, chagua kwanza wasifu wa analogi, yaani wa spika za ndani.

Ukishapanga yote hayo na mkutano wa mtandaoni bado umekaa kimya, fungua mipangilio ya programu ya mkutano. Nyingi zina chaguo lake la spika na hushikilia kilichochaguliwa mwanzo hata kama mfumo mzima umehamia kwingine.

Kuna na kinyume chake, ambacho naona ndicho cha hatari zaidi. Sauti ikiwa inatokea kwenye skrini, ukichomoa kebo sauti hurudi kwenye spika za laptopu mara moja. Skrini zinazotumia DisplayPort zinaweza kuleta hali hiyohiyo zinapozimika ili kuokoa umeme, kwa kuwa kompyuta huona kama zimechomolewa. Ulikuwa unasikiliza mazungumzo ya faragha kwa hedifoni iliyo nyuma ya skrini, ghafla chumba kizima kinasikia. Windows hutunza kiwango cha sauti cha kila kifaa peke yake, kwa hiyo kabla ya kikao cha namna hiyo chagua spika za laptopu, zinyamazishe kabisa, kisha urudi kwenye skrini. Hata waya ukichomoka katikati ya maongezi, hakuna atakayesikia.