Timu Ikiboronga, Makinda Wauzwe?

Kila Julai inapokaribia kuisha, na ligi kuu ya besiboli Marekani kufunga mlango wa kubadilishana wachezaji, mashabiki wa timu zinazoboronga hupandisha kelele zilezile: leteni mkongwe, toeni makinda. Mimi naishi Charlotte, North Carolina, yaliko makao ya Knights, timu ya ligi ya chini ambayo ni kituo cha mwisho cha kijana kabla hajapanda kuchezea Chicago White Sox. Makinda hao nawaona kwa macho yangu, na ushauri wangu kwa meneja mkuu, yule anayeleta na kutoa wachezaji, ambaye timu yake iko mkiani ni kwamba asiwe na pupa.

Aanze na White Sox wenyewe. Mwaka 2016 waliwaka moto, wakashinda mechi 23 kati ya 33 za mwanzo, kisha wakaporomoka. Juni wakamleta mrushaji James Shields, mwenye miaka 34, kutoka San Diego Padres. Katika waliotolewa alikuwemo kijana wa miaka 17 kutoka Jamhuri ya Dominika, Fernando Tatis Jr., ambaye hakuwa amecheza hata mechi moja ya kulipwa. Shields hakuziba pengo lolote. Msimu uliisha kwa ushindi 78 na vipigo 84. Tatis? Mwaka 2021 Padres walimpa mkataba wa miaka 14, dola milioni 340, naye akapiga homerani, yaani mipira inayovuka uzio, 42 msimu huohuo. Ndiyo, mwaka uliofuata alifungiwa mechi 80 kwa dawa zilizokatazwa. Bado ningemchukua.

Majirani zao Cubs, timu nyingine ya Chicago, mwaka uleule walimtoa kinda Gleyber Torres na wenzake watatu wampate mrushaji Aroldis Chapman, ambaye mkataba wake ulikuwa unaishia msimu huo. Lakini wao walikuwa wanaongoza kundi lao, na wakabeba ubingwa wa kwanza tangu 1908. Hapo sina neno.

Kinda akishapanda, klabu hukaa naye misimu sita hivi kabla hajawa huru kwenda klabu aitakayo, na ile mitatu ya mwanzo hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2024 kilikuwa dola 740,000. Timu mbovu inahitaji miaka hiyo kuliko inavyohitaji Agosti moja ya matumaini.

Ila si kila kinda ni lulu. Uwanja wa hapa Charlotte umebanwa na majengo ya katikati ya mji, na mpira ambao kwingine ungedakwa, hapa unavuka uzio. Nimewaona vijana wakishangiliwa kwa mipira iliyopita juu ya ukuta kwa kiasi cha kiganja, halafu mrushaji akiwapa mpira unaozama magotini wanapiga hewa, tena na tena. Takwimu zao zinang'aa. Hao uza, tena mapema, upate mchezaji ambaye bado atakuwa na wewe miaka mitatu au minne. Anayeuacha mpira ule upite na kusubiri wa kwake, usimguse hata kama msimu huu anasuasua.

Kinachowaponza mameneja ni kwamba kibarua kikianza kuota nyasi, kijana wa miaka 18 huonekana ni mali ya atakayerithi kiti. Kwa hiyo mwenye timu akikushinikiza ulete jina kubwa ili tiketi ziuzike, mwambie kwanza akuongezee mkataba. Akishasaini, kaeni sasa mzungumzie makinda.